Niliona Kofia, Sikuona Uso

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga nawaheshimu sana, lakini leo mtaniwia radhi, kwa maana nataka kubishana nao kidogo. Mimi nina macho mawili mazima, wala sivai miwani. Hata hivyo, jioni moja ya mwisho wa likizo ya Agosti, macho yangu haya nusura yamuue mtu. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti la chama chetu ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo sisi sote hulifanya kila siku bila kulifikiria: kumtazama mtu na kusema, "Ndiye huyu."

Maoni yangu ni haya. Neno "ndiye huyu" ni zito kuliko tunavyodhani. Yeyote anayelitamka juu ya mtu asiyemjua, iwe ni sokoni, iwe ni steji, iwe ni hapa shuleni mbele ya mwalimu wa zamu, yafaa alitamke kwa woga. Si kwa sababu watu ni waongo. La hasha! Ni kwa sababu ubongo wetu umeumbwa kuwatambua tunaowajua, na kwa wageni hutubahatishia tu.

Hebu kwanza niwasimulie yaliyonipata.

Nilikuwa mjini Homa Bay nikingoja matatu ya kunileta Migori kupitia Rongo. Nilikuwa nimechelewa, abiria walikuwa tele na magari yalikuwa haba. Kiza kilikuwa kimeanza kuingia na manyunyu yalikuwa yakianguka. Mkobani mwangu mlikuwa na shilingi 1,800 za matumizi pamoja na kikokotoo kipya nilichonunuliwa na mama. Kufumba na kufumbua, kijana mmoja alinipita shoti, akaunyakua ule mkoba na kutokomea katikati ya vibanda. Nikapiga mayowe, "Mwizi! Mwizi huyo! Ana kofia nyekundu!"

Robo saa haikupita. Nilisikia kelele upande wa wauza samaki, na mtu akanivuta mkono, "Njoo umtambue!" Vijana wa boda boda walikuwa wamemkamata ukosi kijana wa makamo yangu, naye kichwani alikuwa na kofia nyekundu. Wakaniuliza, "Ni huyu?" Sikusita hata kidogo. Nikajibu, "Ndiye! Ndiye huyo huyo!"

Nataka mnielewe vizuri hapa, ndugu wasomaji. Sikuwa nikidanganya. Mngeniletea Biblia ningeapa. Niliona kwa yakini kwamba ni yeye.

Kofi la kwanza lilitua, kisha la pili. Mtu akarusha jiwe. Nyuma yangu jamaa mmoja alikuwa akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, gurudumu kuukuu liko wapi. Hapo ndipo mama mmoja muuza omena alipojirusha katikati, gorogoro lake bado mkononi. "Ngojeni! Huyu mnampigia nini? Amekuwa akinibebea magunia tangu saa tisa. Hajaondoka hapa hata dakika moja!" Akanigeukia mimi. Hakunitukana. Alisema tu, "Nyathina, hebu mtazame vizuri. Usitazame kofia. Mtazame yeye." Akaivua ile kofia.

Lo! Sikumjua. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona uso ule. Mdomo ulikuwa ukivuja damu na machozi yalikuwa yakimtoka. Wenzake wawili wakajitokeza kumshuhudia, umati ukaanza kutawanyika kana kwamba hakuna lililotokea. Yule kijana aliniambia neno moja tu: "Mimi nilikukosea nini?" Sikuwa na jibu. Mkoba wangu haukupatikana hadi leo, lakini swali lile limenikaa kichwani kuliko mkoba.

Niliporudi shuleni nilianza kusoma. Nilimsumbua mwalimu wetu wa Biolojia, nikasumbua na maktaba. Nilitaka kujua: mtu anawezaje kuona asichokiona? Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, jicho halimtambui mtu. Kazi ya jicho ni kupokea mwanga na kupeleka habari ubongoni, ubongo ndio unaosema, "Huyu ni mama," "Hiki ni kiti," "Hapa ni sokoni." Isitoshe, ubongo umegawa kazi. Mwaka 1997, mtaalamu wa Marekani aitwaye Nancy Kanwisher na wenzake, wakitumia mashine inayopiga picha za ubongo kwa nguvu za sumaku, walieleza kuwa kuna sehemu ndogo kwenye sakafu ya ubongo, upande wa nyuma, hasa kuliani, inayoamka zaidi mtu anapotazama uso kuliko anapotazama nyumba au kikombe. Mwaka uliofuata, yeye na Russell Epstein walieleza sehemu nyingine iliyo jirani inayoamka mtu anapotazama mahali: chumba, barabara, mandhari. Kwa hivyo unapotokea upande wa ziwani na kuuona mlima Asego ukachomoza, ukajua mara moja kwamba umefika Homa Bay, aliyekwambia si yule anayekwambia kuwa huyu ni shangazi yako. Ni watumishi wawili katika nyumba moja.

Mnaweza kujaribu wenyewe. Chukueni picha ya darasa, mwigeuze juu chini. Mtaona mara moja kwamba nyuso za watu mnaolala nao bweni moja zimekuwa ngumu kutambua. Igeuzeni picha ya nyumba, nayo itatatiza kidogo tu. Jambo hili lilipimwa na Robert Yin mwaka 1969. Maana yake ni kwamba ubongo hausomi uso kipande kipande, yaani pua peke yake, mdomo peke yake. Huusoma wote kwa pamoja, jinsi vipande vilivyopangana, na huusoma ukiwa wima kama tulivyozoea kuuona.

Kuna pia watu ambao mtumishi huyu wa nyuso hakufanya kazi vizuri tangu utotoni, au aliharibika baada ya kuumia kichwani. Daktari wa Kijerumani, Joachim Bodamer, aliandika habari za wagonjwa wa namna hii mwaka 1947. Wanaona pua, wanaona macho, lakini hawajui ni nani mpaka asikike sauti. Marehemu Jane Goodall, yule mama aliyewachunguza sokwe kule Gombe, Tanzania, kuanzia mwaka 1960, alieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa na shida ya kutambua nyuso, za watu na hata za sokwe. Kumbe mtu anaweza kuwa mtaalamu wa kutazama, dunia nzima ikamjua, na bado akampita rafiki yake njiani bila salamu! Tangu nisome hayo nimeacha kusema "fulani anaringa" kwa sababu hakunisalimu.

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Wengi wetu tunao mtumishi huyu akiwa mzima, na kazi yake kwa watu tunaowajua ni ya ajabu. Uchunguzi mmoja uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba mtu wa kawaida anajua nyuso kama 5,000. Baba akikonda, akifuga ndevu, akivaa kofia, akipigwa picha ya ukungu, utamjua tu. Lakini kwa mgeni, mambo ni mengine kabisa.

Mnawakumbuka wale mapacha wa Kidato cha Pili? Walipofika, nusu ya shule ilikuwa ikimwita Opiyo Odongo, na Odongo Opiyo. Walimu waliwapa mmoja adhabu ya mwenziwe. Leo hata aliye mvivu kabisa wa kutazama anashangaa tuliwachanganya vipi, maana hawafanani hivyo! Nyuso zao hazikubadilika. Sisi ndio tuliobadilika. Tuliwaona wakicheka, wakisinzia, wakikimbia, wakilia, na ubongo ukajifunza.

Rob Jenkins na wenzake kule Uingereza walilionyesha jambo hili mwaka 2011 kwa njia nyepesi. Waliwapa watu picha 40 za nyuso, wakawaambia wazipange, kila mtu fungu lake. Picha zile zilikuwa za watu wawili tu, maarufu nchini Uholanzi. Wale Waingereza wasiowajua walipanga mafungu saba, wengine hata zaidi ya tisa! Waholanzi waliowajua walipanga mafungu mawili bila taabu. Tena tusiseme ni kukosa mazoezi. Mwaka 2014, maafisa wa pasipoti wa Australia, ambao kulinganisha uso na picha ndiyo mkate wao, walijaribiwa kwa watu waliosimama mbele yao. Walipopewa picha ya mtu mwingine aliyefanana na huyo, waliikubali kama mara 14 katika kila mara 100, na kwa jumla hawakuwashinda wanafunzi wa chuo kikuu. Kama afisa aliyeketi, mwenye taa, mwenye wakati, anakosea, mimi niliyenyeshewa na mvua gizani nilikuwa nani?

Ubongo unapokosa kuujua uso, hushika kilicho karibu. Wataalamu walikwisha kuonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mtu tunayemjua tunamtambua zaidi kwa macho, pua na mdomo, lakini mgeni tunategemea sana ya pembeni: nywele, umbo la kichwa, kofia. Hapo nilijiona kama kwenye kioo. Mimi niliona kofia. Uso nilijazia baadaye, nilipoletewa.

Jambo la pili ni kwamba ubongo hupenda kupanga vitu katika makundi, na ukishampanga mtu katika kundi lake hauna haja tena ya kumtazama. Hili si kosa. Bila hilo tusingeweza kuishi. Ukitazama ndani ya mtumbwi kule Mbita, unajua mara moja kuwa "hawa ni samaki", huhitaji kumchunguza kila mmoja. Lakini mama anayeuza atakwambia kwa kutupa jicho tu kuwa huyu ni nyamami, huyu ni ngege, huyu ni fulu. Babu yangu vivyo hivyo. Mimi nikienda zizini naona ng'ombe. Yeye anaona mmoja mmoja: yule rateng' mwenye pembe iliyopinda, rachar aliyenunuliwa Migori, silwal mkaidi asiyependa kukamuliwa. Ng'ombe ni wale wale na macho ni yale yale. Tofauti ni mazoea na kujali.

Hata kwa nyuso mazoea ndiyo mwalimu. Mwaka 2002 Olivier Pascalis na wenzake walionyesha kwamba mtoto mchanga wa miezi sita anaweza kutofautisha nyuso za nyani mmoja na mwingine. Akifika miezi tisa uwezo huo umekwisha, maana ubongo wake umejifunza kushughulika na nyuso anazoziona kila siku, yaani za binadamu. Ndiyo maana sisi tunasema "Wachina wote wamefanana," nao bila shaka wanasema hivyo hivyo juu yetu. Hakuna aliyefanana. Ni macho tu hayajazoea. Na wanaosema kompyuta itatuokoa wakumbuke kwamba nayo hujifunza kwa kuonyeshwa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazokisia kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa wanaume weupe zilikosea chini ya mara moja katika mia. Kwa wanawake weusi, moja ilikosea zaidi ya mara 34 katika mia. Mazoea, wenzangu! Hata mashine haimjui isiyemzoea.

Lakini jaribio lililonivunja mbavu kwanza, kisha likanihuzunisha, ni la Daniel Simons na Daniel Levin, la mwaka 1998. Mtu anakusimamisha njiani katika chuo kikuu cha Marekani, anakuuliza njia. Mkiwa mnazungumza, mafundi wawili wanapita katikati yenu wakiwa wamebeba mlango. Nyuma ya mlango ule, yule mwuliza njia anabadilishwa, anasimama mwingine, mrefu au mfupi, mwenye sauti nyingine. Je, utagundua? Kati ya watu 15, ni 7 tu waliogundua! Kisha wale waulizaji wakavalia kama mafundi wa ujenzi, wakawauliza wanafunzi 12. Ni 4 tu waliogundua. Mmoja wao akasema alimwona "fundi" tu, basi. Alikwisha kumpanga. Uso haukuwa na kazi tena.

Hebu tujiulize, ni watu wangapi tunawapanga hivi? "Makanga." "Chokoraa." "Mgonjwa wa akili." "Kidato cha Kwanza." Kule karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo wengi wetu tumelizuru. Wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji, siku ya sherehe akatokea ajuza mchovu, mwenye njaa, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Yule ajuza akamwambia ahame na jamaa yake, na usiku ule mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Najua ni hadithi. Lakini fundisho lake nililipata steji: walimwona "ajuza maskini", hawakumwona mtu.

Fauka ya hayo, hofu nayo hutia maji zaidi ndani ya uji. Elizabeth Loftus na wenzake walionyesha mwaka 1987 kwamba watu wakitazama picha za mtu aliyeshika bunduki, macho yao hung'ang'ania bunduki, na uso wake hawaukumbuki vizuri. Kwetu bunduki si nyingi, ila panga je? Kisha kumbukumbu si kama picha iliyowekwa kabatini. Kila ukiitoa unaigusa. Nilipoambiwa "Ni huyu?" nikajibu "Ndiye", uso wa yule kijana uliingia palipokuwa na pengo. Tangu dakika hiyo, mwizi wangu alikuwa na uso wake.

Kisa cha kuhuzunisha kuliko changu ni cha Jennifer Thompson, mwanafunzi wa chuo kikuu huko North Carolina, Marekani. Mwaka 1984 alibakwa. Katika dhiki ile alijitahidi kuukariri uso wa yule mhalifu ili aje amtambue. Akamchagua Ronald Cotton kwenye picha, kisha kwenye gwaride, kisha mahakamani, bila shaka yoyote. Cotton alifungwa. Mhalifu halisi alipoletwa mbele yake katika kesi ya pili, mama huyu alisema hajawahi kumwona. Mwaka 1995, uchunguzi wa chembe za uhai ulithibitisha kuwa Cotton hakuhusika, akaachiliwa baada ya kupoteza zaidi ya miaka kumi gerezani. Aliyemtaja hakuwa mwongo. Alikuwa mkweli aliyekosea, na hilo ni jambo la kutisha kuliko uongo, kwa maana mwongo unaweza kumhoji mpaka akajikanyaga.

Sasa wengine mtasema, "Hayo ni ya Wazungu." Hapana. Mahakama zetu wenyewe zilikwisha kuliona hili zamani, kabla hata babu zetu wengine hawajaoa. Mwaka 1936, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Mwango mwana wa Manaa, ilisisitiza kanuni za gwaride la utambulisho. Kwa mujibu wa kanuni za polisi wetu, shahidi hapaswi kumwona mshukiwa kabla ya gwaride. Mshukiwa husimama pamoja na watu wasiopungua wanane wanaokaribiana naye kwa umri, kimo na sura. Yeye mwenyewe ndiye anayechagua pa kusimama. Tena shahidi huambiwa kwamba huenda mhalifu yumo, huenda hayumo. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, mahakama hiyo hiyo ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja wa kumtambua mwingine, hasa katika hali ngumu, lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa sana. Kesi ya Roria ya mwaka 1967 ikarudia onyo hilo.

Linganisheni na gwaride langu mimi. Mtu mmoja tu. Kashikwa ukosi. Kavishwa lawama tayari. Kofia ile ile niliyoitangaza kwa mayowe ndiyo iliyomkamatisha, kisha ikatumiwa kuthibitisha kuwa ndiye! Majaji waliosoma, wenye joho na muda, wanaogopa macho ya shahidi mmoja. Sisi pale steji tulitumia nusu dakika.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema, "Wewe hujaibiwa ng'ombe. Polisi wanakuja saa tatu baadaye, na mwizi anaachiliwa kesho yake." Malalamiko hayo nayaelewa, mimi pia niliibiwa, na mkoba wangu haujarudi. Lakini hasira haiongezi nguvu ya macho, huipunguza. Na polisi wakimwachilia mwizi leo, kesho anaweza kukamatwa tena. Sisi tukimchoma asiye na hatia, tutamwambia nini mamake? Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inasema kila mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haikusema "isipokuwa avae kofia nyekundu". Na hata angekuwa ndiye, tangu lini kikokotoo na shilingi 1,800 zikawa bei ya mtu?

Wala tusidhani haya ni ya sokoni tu. Hapa shuleni, ni mara ngapi mtu ametajwa kuwa ndiye aliyeruka ua usiku? Aliyemwona alimwona kwa tochi, kwa mgongo, kwa umbali wa kutoka bwenini hadi jikoni, sote tukiwa na sweta za rangi moja! Kesho yake mzazi anaitwa. Huenda alikuwa ndiye. Huenda hakuwa. Lakini je, tuliuliza?

Ndipo napendekeza tuuliza maswali haya, ambayo mahakama ya Uingereza iliyaorodhesha mwaka 1976 katika kesi ya Turnbull na ambayo majaji wetu hapa Kenya nao huyatumia. Ulimwona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Kulikuwa na kizuizi chochote? Uliwahi kumwona kabla ya siku hiyo? Umepita muda gani tangu umwone hadi umtaje? Naongeza la kwangu la saba, la yule mama wa omena: akivua kofia, bado ni yeye?

Viranja wetu wayabandike maswali haya ofisini mwao. Walimu wetu, kwa heshima zote, nao watuulize kabla ya kuandika barua kwa mzazi. Na sisi wanafunzi tujifunze kusema maneno mawili ambayo hayajamuua mtu yeyote: "Sina hakika." Anayesema hivyo tusimwite mwoga. Siku ile, lau ningeyasema hayo, pengine kijana yule asingeguswa.

Nilirudi Homa Bay likizo ya Desemba. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mama, naye hakunisahau. Aliniita tena nyathina, akanionyesha kijana yule akiwa amebeba gunia. Nilimjua kwa mbali, kwa mwendo wake, kabla hajageuka. Nilimwomba msamaha. Alitazama chini kidogo, akasema, "Yamepita." Tukasaidiana kupakia magunia mawili. Kichwani hakuwa na kofia, na sikuthubutu kumwuliza iko wapi.

Basi wenzangu, mwenye macho naye aambiwe tazama. Aambiwe mara ya pili, na ya tatu, hasa wakati yuko na hakika kabisa. Kalamu yangu inaishia hapo. Wasalaam.